Prague na Kraków Ukiwa na Mtoto

Ukiwa na siku sita na mtoto mmoja, majiji mawili yanatosha kumwonyesha historia ya Wayahudi wa Ulaya. Amsterdam na Budapest nako kuna historia nzito ya Wayahudi, lakini zingoje likizo nyingine. Mimi ningeanzia Prague nimalizie Kraków, kwa sababu kwa njia hiyo mtoto hukutana kwanza na Wayahudi walioishi, wakasali, wakabishana na kuoka mikate, ndipo afike kwenye habari za kuuawa kwao. Mpangilio huo usiugeuze. Mtoto aliyeanza na kambi za mauaji atawajua watu hawa kama maiti tu.

Fika Prague Ijumaa. Sabato huanza jua likizama siku hiyo, na Jumamosi makumbusho na sinagogi za Josefov, mtaa wa kale wa Wayahudi, hazipokei watalii. Basi Jumamosi pandeni kwenye ngome ya Prague na mvuke Daraja la Charles. Josefov iwe Jumapili asubuhi na mapema. Tiketi moja huingiza sehemu kadhaa, ila ziko za aina mbalimbali: uliza dirishani kama Sinagogi ya Kale-Mpya imo. Ilijengwa karne ya 13 na hadi leo watu husali humo. Wanaume hufunika kichwa. Kofia yoyote inafaa. Jirani yake, kwenye jengo la zamani la halmashauri ya Wayahudi, kuna saa yenye herufi za Kiebrania ambayo mishale yake huzunguka kinyume. Usimwambie mtoto, mwache aigundue.

Makaburi ya kale ya Josefov ndiyo yatakayomshangaza zaidi. Watu walizikwa hapo tangu karne ya 15 hadi 1787, na kwa kuwa eneo lilikuwa finyu, udongo ulijazwa juu ya makaburi ya zamani wakazikwa wengine. Ndiyo maana mawe yapatayo 12,000 yamebanana na kuegemeana. Tafuteni la Rabi Loew, aliyefariki 1609. Utaona vijiwe juu yake, maana Wayahudi huweka jiwe kaburini badala ya ua. Inasimuliwa kwamba rabi huyo aliumba Golem, mtu wa udongo wa kuwalinda watu wake. Kisa hicho msimulie mtoto usiku wa kuamkia ziara, kabla hajakipata kwenye maduka ya zawadi, ambako kimechujuka.

Humo humo Josefov, kuta za Sinagogi ya Pinkas zimeandikwa majina ya Wayahudi karibu 80,000 wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi. Ghorofani kuna michoro ya watoto waliofungwa na Wanazi kwenye geto la Terezín, wakifundishwa na msanii Friedl Dicker-Brandeis, ambaye naye aliuawa kwenye kambi ya Auschwitz mwaka 1944. Hapo usihubiri. Jibu unaloulizwa, basi.

Treni ya kwenda Kraków hula sehemu kubwa ya siku. Bebeni chakula na karata. Mtaa wenu huko ni Kazimierz, nao mtaa wa kale wa Wayahudi, wenye Sinagogi ya Remuh ya karne ya 16. Njiani nunueni obwarzanek, mkate wa duara wenye tundu unaouzwa kwenye vigari. Ng'ambo ya mto Vistula, penye uwanja wa geto la zamani, vimesimamishwa viti vya chuma vitupu kuwakumbuka Wayahudi waliofungwa humo.

Na Auschwitz? Iko kilomita zipatazo 65 kutoka Kraków, na makumbusho yenyewe hayashauri kupeleka watoto wa chini ya miaka 14. Nakubaliana nayo. Hata aliyetimiza umri huo muulize kwanza, na akikataa usimlazimishe. Akikubali, wekeni nafasi mtandaoni mapema.

Wenye pasipoti za Kenya au Tanzania wanahitaji viza ya Schengen. Ombeni kwenye ubalozi wa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, si mapema kuliko miezi sita wala si chini ya siku 15 kabla ya kuondoka, mkiwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake, iliyothibitishwa na wakili. Epukeni sikukuu za Kiyahudi za Septemba na Oktoba, maana milango ya makumbusho na sinagogi hufungwa tena na tena. Na euro msizibadili nyingi: Prague hutumia koruna, Kraków zloti.