Ukipona Saratani ya Mdomo, Utakula Nini Koboko?

Daktari, mzee wetu amemaliza mionzi Kampala na tumeambiwa uvimbe umeisha. Mbona anazidi kukonda?

Kwa sababu mionzi inayoelekezwa mdomoni au kooni haiui saratani peke yake. Hukausha tezi za mate, hukaza misuli ya taya na kulifanya koo lisiweze kumeza kama zamani. Mengine hujitokeza miezi mingi baadaye, mgonjwa akiwa ameshavuka daraja la Karuma na kurudi kwao. Asiye na mate hawezi kula enyasa, ugali wetu wa huku: tonge humganda kwenye kaakaa, analizungusha mdomoni, mwishowe anasukuma sahani. Nyumbani wanadhani amekata tamaa ya kuishi, kumbe chakula hakipiti. Mpeni uji mzito uliotiwa karanga au simsim iliyosagwa, na tonge dogo lichovywe kwenye bamia au mlenda unaoteleza. Maji matupu yakimpalia kila mara, msimlazimishe kunywa kwa haraka. Apelekwe akaangaliwe, maana huenda yanaingia kwenye njia ya hewa. Ndiyo maana nashikilia kwamba tiba haijaisha uvimbe unapoisha. Sehemu iliyobaki ni ya kula, kusema, na kukaa na watu bila aibu, na kwa kiasi kikubwa hufanyika Arua na Koboko.

Wagonjwa wetu wanasafiri zaidi ya kilomita 500 kuifuata mashine ya mionzi. Kuzungumzia ubora wa maisha si anasa?

Naielewa hoja hiyo, na ina uzito. Machi 2016 mashine pekee ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika moja kwa moja, na mpya ikaanza kazi rasmi Januari 2018. Tangu hapo saratani ikitajwa Uganda, mashine nayo inatajwa. Lakini chukueni mfano wa meno. Jino bovu linatakiwa kung'olewa kabla ya mionzi, kama wiki mbili mapema, ili kidonda kipone. Likiachwa, likaja kung'olewa baada ya mionzi, mfupa wa taya ambao mishipa yake ya damu imeshadhoofika huenda usipone kabisa. Hufa taratibu, usaha ukatoka, taya likavunjika. Hatari hiyo haiishi baada ya mwaka mmoja wala mitano. Sasa mtu anarudi Koboko, mate hana, meno yanaoza haraka kwa kukosa mate, jino linamuuma usiku kucha, asubuhi anamtafuta wa kumng'oa. Anayelishika koleo hajui kwamba taya hilo lilichomwa mionzi, na mgonjwa hajui kwamba alipaswa kusema. Kuzuia jambo hili kunahitaji uchunguzi wa kinywa Arua kabla ya safari, dawa ya meno yenye floraidi, kusukutua kwa maji yenye chumvi na magadi soda kidogo, na sentensi moja kwenye karatasi ya hospitali. Anasa iko wapi hapo? Isitoshe, asiyeweza kumeza hukatiza mionzi katikati, na katika saratani za kichwa na shingo kila siku inayorukwa huupa uvimbe nafasi ya kukua tena. Anayetaka mashine ifanye kazi yake basi aanze na kinywa.

Wauguzi wetu wamezidiwa na malaria, kina mama wajawazito na wakimbizi. Nani atamfuatilia mtu aliyekwisha kupona?

Wamezidiwa kweli, kambi ya wakimbizi ya Lobule peke yake ni mzigo kwa Koboko. Ila kusema kwamba ufuatiliaji hauwezekani huku ni kusahau historia ya hapa hapa. Kuluva, hospitali ya misheni nje kidogo ya Arua, ndiko madaktari ndugu Ted na Peter Williams walikoandika kwa miaka mingi kila mtoto mwenye uvimbe wa taya na kijiji alikotoka. Uvimbe huo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, na mwaka 1961 alisafiri na Ted Williams kwa gari hadi Afrika Kusini kuutafutia mipaka. Madaftari ya Kuluva yaliisaidia dunia kuona jinsi ugonjwa unavyojikusanya mahali na majira fulani. Kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kuwatibu watoto wa namna hiyo ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Maswali ya utafiti ule yalihusu asili ya ugonjwa. Daftari lile lile linaweza kuongezewa safu tatu: uzito, upana wa mdomo, maumivu. Uzito unahitaji mizani tu. Mdomo hupimwa kwa vidole vya mgonjwa mwenyewe: vitatu vikiwa wima visipoingia kati ya meno, taya limeanza kukaza, aanze mazoezi ya kulifungua kila siku kabla halijagoma. Kuhusu maumivu, tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, na ya maji hutolewa bure.

Na aliyeondolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, kwa sababu ya saratani?

Huyo anapumua kwa tundu la shingoni. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za vijijini linaingia moja kwa moja mapafuni, hivyo afunike tundu kwa kitambaa chepesi chenye unyevu na kukifua kila siku. Asivuke mto kwa kuogelea. Akizimia, hewa apewe shingoni, si mdomoni. Jirani na mtu wa bodaboda anayembeba lazima walijue hilo.

Tudai nini siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali?

Barua inayosema mionzi ilipita wapi na lini, na kwamba jino lising'olewe bila kuwauliza waliomtibu. Iandikwe pia tarehe ya kupima tezi ya thairoidi kama shingo ilipigwa mionzi, kwani uchovu na baridi isiyoisha huweza kutoka huko. Nakala moja ibaki kwa mgonjwa, nyingine ipelekwe kwa daktari wa meno wa hospitali ya Koboko au Arua.