Kura za Mtandaoni Hazikutuambia Wazo Lipi Ni Zuri

Mwaka jana tuliporudi kutoka fildi, sisi wanafunzi wa ualimu wa sayansi tulichangishana shilingi elfu mbili mbili. Tulikuwa watu 156, kwa hiyo zikapatikana shilingi 312,000. Lengo lilikuwa kutengeneza zana moja ya kufundishia ambayo wadogo zetu wa mwaka unaofuata wangeenda nayo shuleni. Mimi nilipewa kazi ya kukusanya mawazo na kuhesabu kura kwenye kundi letu la WhatsApp.

Nilitangaza saa saba mchana: mwenye wazo aliandike, anayeliunga mkono aweke kidole gumba. Dakika chache baadaye kaka mmoja maarufu darasani akaandika turekodi video za majaribio ya fizikia, wanafunzi waziangalie kwenye simu. Mpaka jioni alikuwa na vidole gumba 61. Wazo la pili kwa kura lilikuwa na 19. Nikatangaza mshindi, tukamlipa mpiga video, pesa ikaisha.

Mnajua kilichotokea. Shule nyingi walizopangiwa wadogo zetu haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na projekta hakuna. Mmoja wao aliniambia alijaribu kuonyesha video kwa simu yake mwenyewe kwenye darasa la wanafunzi zaidi ya 80, akaishia kuizungusha dawati kwa dawati mpaka kipindi kikaisha. Kinachoniuma ni kwamba sote tulikuwa tumetoka fildi. Sote tulijua kuhusu simu. Hakuna aliyesema.

Baadaye nilikutana na dada mmoja wa darasa letu pale vimbwetani. Alikumbusha kwamba naye alitoa wazo: kisanduku cha majaribio kinachotengenezwa kwa chupa za maji, mabomba ya sindano, nyaya na betri za redio. Aliandika saa tano usiku kwa sababu bando la usiku ndilo alilolimudu. Alipata vidole gumba vinne. Akaniuliza, "Kaka, wewe ndiye uliyekuwa unahesabu. Hivi ulilisoma?"

Sikuwa nimelisoma. Nilihesabu tu vidole. Makala haya ni majibu yangu kwake, na pia somo kwa yeyote hapa chuoni anayetaka kukusanya mawazo mapya kwa mtandao.

Kukusanya ni kazi moja, kupima ni kazi nyingine

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba njia inayoleta mawazo mengi ndiyo hiyo hiyo itakayotuambia lipi ni bora. Mtandao ni hodari sana kwenye kukusanya. Mwaka 2006 kampuni ya IBM iliendesha mjadala mkubwa wa mtandaoni ulioshirikisha watu zaidi ya 150,000 kutoka nchi 104, wafanyakazi wake pamoja na ndugu zao na wateja. Yalipatikana mawazo zaidi ya 46,000. Lakini kuyachambua hakukufanywa na mtandao. Ilibidi watu wazoefu wakae wiki kadhaa wakisoma na kuyaweka mafungu kwa msaada wa kompyuta, ndipo zikachaguliwa biashara mpya 10 na kutengewa dola milioni 100.

Kampuni ya Lego nayo ina utaratibu wa mashabiki kupendekeza seti mpya. Pendekezo likipata watu 10,000 wa kuliunga mkono, halitengenezwi hapo hapo. Linapelekwa kwanza kwa jopo linaloangalia kama linatengenezeka na kama litauzika, na mengi yanaishia hapo. Kura ni tiketi ya kuingia kwenye usaili, ajira bado.

Kwa nini kura zinazoonekana zinapotosha

Kuna utafiti ambao ningeujua mapema usingenipata mkasa huu. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusisha watu 14,341 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi ya watu walisikiliza na kupakua nyimbo bila kujua wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa kwenye makundi 8 yaliyotengana, na kila mtu aliona wimbo upi umepakuliwa mara ngapi ndani ya kundi lake.

Nyimbo zilikuwa zile zile, lakini kila kundi likapata washindi wake. Wimbo mmoja uliokuwa wa 26 kwa wale waliochagua bila kuonana, ulishika nafasi ya 1 kwenye kundi moja na ya 40 kwenye kundi jingine. Nyimbo nzuri sana ni nadra zilishika mkia, na mbaya sana ni nadra zilishinda. Hizo zilizobaki katikati, matokeo yake yalitegemea waliotangulia walibonyeza wapi.

Sasa rudi kwenye kundi letu la WhatsApp. Aliyetangulia alipata kura za mwanzo, aliyekuja baadaye akaona 30 tayari, akaongeza ya 31. Aliyekuwa na shaka kuhusu simu shuleni akajiuliza: mimi ni nani nipinge watu 30? Vile vidole 61 havikuwa maamuzi 61. Labda vilikuwa maamuzi kumi, waliobaki ni wafuasi.

Tulivyorudia

Muhula huu tumeanza upya. Wengi walikataa kuchangia tena na siwalaumu. Waliotoa ni watu 59, tukapata shilingi 118,000. Utaratibu tulioutumia ni huu.

Kwanza, tuliuliza swali lenye mipaka. Badala ya kusema "leteni mawazo," tuliuliza: ni jaribio gani la fizikia ulishindwa kulionyesha ukiwa fildi, na ungelionyeshaje bila umeme wala simu?

Pili, mawazo yalitumwa kwa siku saba kwa fomu ya mtandaoni, bila jina na bila kuonekana kwa wengine. Kwa asiye na bando tuliweka boksi la karatasi mlangoni mwa maktaba. Kuficha namna hii si jambo geni. Kule Taiwan, mwaka 2015 raia walipojadili usafiri wa Uber kwa programu ya Polis, mtu alioneshwa kauli moja moja, akubali, akatae au apite. Nafasi ya kumjibu mtu haikuwepo, kwa hiyo hata mabishano ya watu wawili hayakuweza kuteka uwanja.

Tatu, tuliunganisha yanayofanana. Kutoka mawazo 37 yalibaki 22.

Nne, kila mtathmini alipewa mawazo matano tu yaliyochaguliwa kwa nasibu. Walijitokeza watathmini 66, kwa hiyo kila wazo lilisomwa na watu 15, liwe limetumwa mchana au usiku. Alama zilikuwa 1 hadi 5 kwa kila kigezo kati ya vinne: je, linatatua tatizo tulilouliza? Linatengenezeka kwa pesa tuliyo nayo? Mwalimu anaweza kulitumia kwenye darasa lililojaa? Litadumu baada ya sisi kuondoka? Chini ya alama mtu aliandika sababu kwa sentensi moja.

Kisanduku kilipata wastani wa 16.4 kati ya 20. Wazo la video, ambalo lilitumwa tena, lilipata 9.8, na sababu iliyojirudia ilikuwa moja: simu haziruhusiwi. Watu ni wale wale wa mwaka jana. Tofauti ni kwamba safari hii kila mtu alisema analolijua kabla hajaona wenzake wamesemaje.

Usiishie kwenye wastani

Kuna jambo nusura tulikose. Wazo moja lilikuwa kutumia turubai za mabango ya matangazo yaliyokwisha muda, kuchora michoro mikubwa ya saketi na kuitandika chini uwanjani. Wastani wake ulikuwa 12, ungetupwa. Tulipoangalia alama moja moja tukakuta nusu walitoa 17 kwenda juu na nusu walitoa 8 kushuka chini. Waliotoa za chini walifanya fildi mjini. Waliotoa za juu walifundisha kwenye shule ambazo madarasa mawili yanagombea ubao mmoja. Wazo jipya mara nyingi huwa hivyo: linaeleweka kwanza na wachache wenye tatizo lenyewe. Wazo likigawa watu, soma sababu kabla hujalifuta.

Kwa hiyo tumetengeneza kisanduku kimoja na turubai moja, tukavijaribu kwenye kipindi kimoja kimoja katika shule ya jirani kabla ya kutumia pesa yote. Mabomba ya sindano ya kisanduku yalivuja maji, na yule dada sasa anayarekebisha kwa mpira wa baiskeli. Turubai lilipeperuka na upepo. Tumelishona mifuko ya mchanga pembeni. Makosa hayo yametugharimu shilingi 9,000. Ya mwaka jana yalitugharimu 312,000.

La mwisho, tulirudisha majibu kwa wote. Kila wazo kati ya yale 22 lilipata alama zake na sababu zake, hata lililoshindwa. Mwenzako akikupa wazo lake saa tano usiku kwa bando la kuungaunga, mdogo wake unaodaiwa ni kumwambia kwamba limesomwa, na limeonekanaje.