Pikapu Ikiharibika Njiani

Tuseme pikapu yako imebeba dagaa kwenda Mwanza. Imezimika karibu na Magu, na giza limeingia. Tufanyeje?

1. Tuisukume pembeni. Tuvute breki ya mkono na kuzuia magurudumu kwa mawe.

2. Abiria wote washuke, wakae mbali na barabara.

3. Tuweke pembetatu nyekundu mbele na nyuma, mbali na gari. Pembetatu hung'aa ikipigwa na taa. Tawi la mti haling'ai.

4. Tukipata gari la kutuvuta, tufunge kamba imara kwenye ndoano ya chasisi, siyo kwenye bampa. Ufunguo uwashwe, usukani usijifunge. Injini ikiwa imezimika, breki na usukani huwa vizito. Kama breki ndizo mbovu, tusivute kwa kamba hata kidogo.

5. Mtu asisimame karibu na kamba. Ikikatika huchapa, nayo yaweza kuua.

6. Tuondoe mawe yote. Mawe tukiyaacha, usiku huohuo yatamwangusha jirani yetu mwenye baiskeli.

Mtu akiumia, tupige simu polisi, namba 112.

Maswali
1. Kwa nini tawi halitoshi usiku?
2. Nani huumizwa na mawe tuliyoyaacha?