Mto na Jirani wa Upande wa Chini

Katika somo la mwezi huu twataka kufikiri habari za mito. Huenda mtu wa Shinyanga akacheka na kusema: “Mito gani? Kwetu mto ni mchanga.” Naye hakosi kweli. Mito mingi ya Usukuma hujaa siku chache wakati wa mvua, ikivuma na kuchukua hata ng'ombe, kisha hukauka. Wakati wa kiangazi akina mama huchimba mchanga wa mto ule ule, wakingoja maji yapande kidogo kidogo katika shimo, wapate kuyateka kwa kata. Lakini mtu aliyengoja maji hivi ajua thamani ya mto kuliko yeye akaaye penye maji tele.

Kwanza tuangalie maji ya nchi yetu yaendako. Mvua inyeshayo upande wa Mto Simiyu huingia katika Ziwa Viktoria, hutoka Jinja kwa Mto Naili, na mwisho wake ni Bahari ya Kati huko Misri. Mvua inyeshayo kusini ya Shinyanga huingia Mto Manonga, hufika mbuga ya Wembere na Ziwa Kitangiri, hupita Mto Sibiti, na kuishia katika Ziwa Eyasi, ambalo halina njia ya kutokea. Maji hukauka juani, chumvi ikabaki. Na mvua inyeshayo magharibi, upande wa Mto Kigosi, hushuka mpaka Moyowosi na Malagarasi, huingia Ziwa Tanganyika, hufuata mito ya Kongo, na kufika Bahari ya Atlantiki. Basi mawingu ya msimu mmoja, juu ya nchi moja, hupeleka maji njia tatu zisizokutana tena. Sisi tukaao hapa tu watu wa upande wa juu kwa mataifa mengi ambao hatutawaona kamwe.

Watunzi wa vitabu wameupa mto maana nyingi. Maana ya kwanza ni mpaka. Waisraeli walipovuka Yordani, waliacha nyuma maisha ya jangwani na kuanza maisha mapya. Katika kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o kilichotoka mwaka 1965, ambacho kwa Kiswahili huitwa Njia Panda, Mto Honia wapita kati ya vilima viwili, Kameno na Makuyu. Watu wa pande hizo mbili washindana, na huku mto mmoja wawanywesha wote. Maana ya pili ni wakati. Heraklito, Myunani wa kale, aliutumia mto kufundisha kwamba mambo yote hubadilika. Jina la mto hubaki, bali maji yake ni mengine kila saa. Maana ya tatu ni utakaso. Naamani, jemadari wa Shamu, aliudharau Mto Yordani kwa kuwa aliona mito ya kwao ni bora kuliko huo, lakini ndimo alimopona ukoma wake.

Hizi zote ni maana njema. Lakini kwetu iko maana ya nne, nayo ndiyo shabaha ya somo hili. Wahenga husema: Maji hufuata mkondo. Hayarudi juu kumweleza mtu alichokitia ndani yake. Yeye aliye juu hutupa kitu mtoni, na punde hakioni tena, hudhani kimekwisha. Hakikwisha; kimehamia tu kwa jirani wa upande wa chini. Kwa hiyo mto hutupima jinsi tunavyomtendea mtu asiyeweza kutuona wala kutushtaki.

Sasa tufungue kitabu cha Mwanzo, sura ya pili. Twasoma kwamba mto ulitoka Edeni ukagawanyika kuwa vichwa vinne. Cha kwanza ni Pishoni, uizungukao nchi ya Havila, nayo ni nchi yenye dhahabu. Je, wasomaji wa Geita na Kahama, hamwoni kwamba habari hiyo yatuhusu? Mto na dhahabu vimetajwa pamoja tangu mwanzo. Tena tazameni taratibu yake: mto watangulia, dhahabu yafuata.

Kwetu taratibu hiyo ni rahisi kupinduliwa. Dhahabu ya Geita iligunduliwa mwaka 1898, wakati wa Wajerumani. Mgodi ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa siku hizi ulianza mwaka 2000. Kando ya migodi mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo. Mawe yao husagwa katika karasha, na unga wake huoshwa kwa maji katika mwalo. Kisha hutiwa zebaki, ambayo hushikamana na chembe za dhahabu hata kuwa donge. Donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni; zebaki huruka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke ule huingia katika mapafu ya mchomaji na ya watoto walio karibu. Na zebaki iliyobaki katika matope hushuka na maji ya mvua mpaka kijitoni.

Huko chini, katika tope la mto na la ziwa, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayoingia katika samaki. Samaki mdogo huliwa na mkubwa, na mkubwa huliwa na mtu. Kila hatua sumu huzidi. Huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na huumiza hata mtoto aliye tumboni mwa mama yake.

Jambo hili si la kukisia. Huko Minamata, mji wa Japani, kiwanda kilimwaga zebaki katika maji ya ghuba tangu mwaka 1932 hadi 1968. Paka walianza kuyumba na kufa. Mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa kwa watu, nao wengi walikuwa jamaa za wavuvi. Waliokula samaki hawakuwa wamepata faida ya kiwanda. Kwa ukumbusho wa mji huo, mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyofanywa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, yaliitwa kwa jina la Minamata.

Hatusemi haya ili kumhukumu mchimbaji maskini atafutaye chakula cha watoto wake. Twajua njaa yake. Lakini iko njia ya kupunguza madhara: kuchoma donge katika chombo cha chuma kilichofungwa, kinachounasa mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena, na kuweka mwalo na shimo la matope mbali na kijito. Mwenye kufanya hivyo huokoa mapafu yake mwenyewe pamoja na samaki wa jirani.

Wala tusisahau kwamba sisi nasi tu watu wa upande wa chini. Tangu mwaka 2009 miji ya Kahama na Shinyanga yanywa maji ya Ziwa Viktoria, yanayovutwa kwa bomba kutoka Ihelele. Kikombe kinywewacho Shinyanga chatoka katika ziwa lile lile lipokealo vijito vya Geita. Tena maji hayo yalikuwa na neno. Mapatano ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri yalikataza kazi yo yote katika nchi hizi ya kupunguza maji ya Naili bila idhini ya Misri. Mwaka 1962 Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi nayo. Nasi twaona ilifanya haki, maana mwenye kiu hanyimwi maji ya mlangoni pake. Lakini aliyedai haki ya kunywa amechukua pia wajibu wa kutochafua.

Tusikate tamaa. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa, miti ikiwa imekatwa ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga ilianza, na wazee wakaifufua desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili majani na miti ipumzike. Maelfu ya ekari yakarudi kuwa kijani. Penye miti, mvua huingia ardhini polepole badala ya kukimbia na udongo. Mwenye kufunga ngitili yake kilimani amemtendea mema mtu wa bondeni asiyemjua.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Kijito kilicho karibu nasi chatoka wapi, na chaenda kwa nani?
2. Ni kitu gani tunachokitupa majini tukidhani kimekwisha?
3. Katika mji wetu, ni nini kinachotangulia, mto au dhahabu?