Dondoo muhimu: Sabufa ya gari, anza na boksi

Sabufa ya kujitengenezea ikikosa besi, lawama huangukia spika, kumbe mara nyingi kosa ni la boksi. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana. Boksi lipo kuyatenga, hivyo hata ufa mwembamba huiba besi. Fundi wa Chimala anapata kwa urahisi mbao za paina za Sao Hill, nzuri kwa paa, ila kiangazi cha huko bonde la Usangu huzikausha zikajikunja na maungio yakaachia. Heri plaiwudi au MDF ya milimita 18, gundi ya mbao kila ungio, skrubu, kisha silikoni kwenye kona za ndani, iachwe ikauke kabisa. Piga wimbo wa besi nzito, pitisha moshi wa udi taratibu kando ya maungio: unapotikisika ndipo panapovuja.

Wapo watakaosema dawa ni amplifaya kubwa zaidi. Lakini ya wati 500 halisi kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 40, na waya mwembamba hupoteza volti njiani. Washa injini, ongeza sauti, pima pale waya zinapoingia kwenye amplifaya: zikisoma chini ya volti 12 wakati betri ina 14, badilisha waya, acha amplifaya. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Tafadhali usiiruke, maana waya ukichubuka bila fyuzi gari linaweza kuungua. Mvumo unaopanda na injini mara nyingi ni waya wa hasi kushika vibaya. Kwangua rangi ya bodi pale waya huo unapofungwa mpaka bati ling'ae, ndipo ukaze.