Kufundisha Urithi kwa Mfano wa Mbung'o

Mwalimu wa biolojia aliyepangiwa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, hana haja ya kutafuta mbali mfano wa somo la urithi. Mbung'o, aenezaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, ni mdudu wa miombo. Njegere za Mendel zina heshima yake, lakini hazijamlaza mtu hospitali.

Tuanze na Unguja. Kuanzia mwaka 1994, madume waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walidondoshwa kisiwani kwa ndege. Jike kwa kawaida hujamiiana mara moja tu. Akipata dume tasa, uzao wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na bahari ikazuia wengine kuja kujaza pengo.

Bahari hiyo tuilete darasani kwa maharage. Kila kundi lipewe makopo mawili, kila moja lina punje 20 nyekundu na 20 nyeupe. Kopo ni msitu. Rangi ni sura mbili za jeni moja. Mwanafunzi afumbe macho, achote punje 10, zilizobaki ziondolewe; kila punje iliyochotwa iongezewe 3 za rangi yake, zitimie tena 40. Hicho ni kizazi kimoja. Baada ya vizazi 6, makopo kwa kawaida huwa yameachana, wala hapana aliyechagua rangi. (Punje zilingane ukubwa, la sivyo vidole vitachagua.) Zoezi lirudiwe, ila kabla ya kila uchotaji punje 10 za kila kopo zihamie kopo la pili. Safari hii makopo huelekea kufanana.

Wataalamu nao husoma chembe za urithi kutoka mguu wa mbung'o, wakalinganisha msitu na msitu. Mbung'o wakiachana sana, yaelekea kila msitu ni kisiwa na waweza kusafishwa peke yake. Wakifanana, huenda wanatembeleana, na fedha za upande mmoja zitapotea.

Sasa Ikola. Magharibi, ziwa lenye upana wa wastani wa km 50 ni ukuta. Mashariki, miombo huelekea Mpanda na Hifadhi ya Katavi. Wanafunzi wachore ramani, watie alama wanapodhani mbung'o hukatizwa njia, na kila alama waitetee. Mwalimu asiharakishe jibu: mwanafunzi ambaye kwao ng'ombe wamekufa kwa nagana ana la kusema juu ya mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi kutegwa kijiji kimoja, na kijiji jirani kikaachwa.