Kasoro Inayojenga

Kwenye jaribio la mwaka wa pili niliandika: "Kasoro huharibu fuwele." Nikawekewa kosa, na kusema kweli nilistahili.

Kwenye uso laini kabisa wa fuwele, atomi mpya haipati pa kushika. Hutua, kisha huondoka. Mwaka 1949 Frank, wa Bristol, Uingereza, alieleza njia: tabaka za atomi zikijisokota kama skrubu, hubaki kipandio kisichokwisha. Atomi zikijipanga hapo, kipandio huzunguka, fuwele hupanda.

Mwaka 2008 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walionyesha kasoro hiyohiyo ikikuza nyuzi za nano za salfaidi ya risasi. Ncha ina kipandio, ubavu hauna. Basi uzi hurefuka bila kunenepa.

Jamani, ukiulizwa, usijibu kama mimi.